Kurasa Ambazo Khalifa Hakuzifuta

Simu ilikuwa imejaa. Hilo ndilo lililompeleka Mwanakombo kwa Ciku asubuhi ya Jumatano, akiwa bado amevaa aproni ya buchani. Tangu jana yake simu ilikuwa inakataa kupokea sauti za wateja, na mwenye hoteli mmoja alishalalamika kwamba ameagiza matumbo mara mbili bila kujibiwa.

Simu yenyewe ilikuwa ya mwanawe, Khalifa. Jumapili, alipokuwa akifungasha begi, alimkabidhi mama yake akamwambia kwamba ameshafuta vitu vyake vyote, aitumie apendavyo. Yeye alikuwa amenunua nyingine, na laini mpya, kama alivyoagizwa na watu wa kazi. Khalifa alikuwa na miaka ishirini na minne na diploma ya mambo ya hoteli, na kwa miaka miwili diploma hiyo haikumfikisha mbali zaidi ya kubeba sufuria za pilau kwenye harusi za watu mjini Embu. Sasa alikuwa amepata kazi ya mapokezi katika hoteli ya Asia. Alisema angeanza na wiki mbili za mafunzo Nairobi. Jumatatu asubuhi alimkumbatia mama yake mlangoni pa bucha, akaenda.

Ciku alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko, chenye kioo mbele kilichojaa makava na waya za chaji. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtoto wa wakulima wa majani chai kutoka upande wa Runyenjes, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na simu kabla ya kuzungumza na mwenyewe.

"Wewe umekula nini," aliiambia simu, akaikagua. Kisha akamgeukia mteja wake. "Mama Khalifa, hapa hakuna picha, hakuna video, na bado imejaa. Kuna app moja imechukua karibu nusu ya nafasi yote. Hii ya kuchat."

"Si alisema amefuta?"

"Chati amefuta zote, ni kweli. Hata historia ya browser ya simu amefuta. Lakini hii app iko na browser yake ndani. Mtu akikutumia link na uibonyeze, haikutoi nje, inakufungulia humu humu. Kurasa zinajihifadhi humu, na chochote umedownload kinakaa humu. Watu wengi hawajui. Wanasafisha ile nyingine wanafikiria wamemaliza."

"Basi futa. Nina watu wanangoja nyama."

Ciku alifungua mahali pa kufutia. Kulikuwa na mafungu mawili: kurasa zilizohifadhiwa kwa muda, na faili zilizopakuliwa. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe alipokiondoa. Mwaka uliopita alikuwa amemfutia mwanafunzi wa chuo kikuu kazi yake ya mwisho, akidhani ni takataka, na tangu siku hiyo hakufuta faili ya mtu bila kumwonyesha.

"Hizi za muda hazina shida, zikitoka zinaweza kurudi. Lakini hizi alizopakua zikienda zimeenda. Angalia kwanza kama kuna ya maana."

Faili zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa orodha ya vitu vya kubeba. Ya pili ilikuwa nakala ya pasipoti ya Khalifa, na mama yake alitabasamu kuona alivyokunja uso kwenye picha. Ya tatu ilikuwa na kidoti cha bluu pembeni.

"Hiyo kidoti ni nini?"

"Ni kwamba hajaifungua. Aliidownload tu ikakaa." Ciku aliifungua. "Ni mkataba. Kurasa kumi na tisa. Aliweka sahihi?"

"Aliweka. Aliniambia aliweka kwa simu, kwa kidole."

"Bila kusoma?"

Mwanakombo alifuta viganja kwenye aproni yake. Ciku alianza kusoma, Kiingereza kile kikiwa kizito, midomo yake ikitembea pole pole. Alifika ukurasa wa nne. Akarudi nyuma, akasoma tena.

"Niambie," Mwanakombo alisema.

"Hapa hawajataja hoteli mahali popote. Wanasema kazi ni kuzungumza na wateja kwa mtandao, kwa majina ambayo atapewa." Alivuta pumzi. "Wanasema pasipoti itakaa na mwajiri mpaka mkataba uishe. Wanasema mfanyakazi hatatoka nje ya jengo bila ruhusa. Hataruhusiwa kuwa na simu yake mwenyewe. Na akivunja sheria yoyote, mwajiri anaweza kumhamishia kwa kampuni nyingine bila kumuuliza."

Wote wawili walikuwa wamesikia redioni habari za vijana waliofungiwa katika majumba ya mbali huko Asia, wakalazimishwa kutapeli watu kwa kompyuta mchana na usiku, na waliokataa wakapigwa. Mwanakombo alikuwa amezisikia akikata nyama, akawasikitikia wazazi wao, akaendelea kukata. Sasa alishika ukingo wa kioo cha Ciku kwa mikono miwili.

Alipiga namba mpya ya Khalifa kwa simu nyingine, ile ndogo ya bucha. Ilikuwa imezimwa. Alipiga tena. Dakika mbili baadaye ujumbe uliingia kutoka namba ileile: *Mum niko salama. Training ni busy. Usipige, nitakutafuta.*

"Tangu Jumatatu ananiandikia hivi," alisema, akimpa Ciku asome. "Nikipiga imezimwa, halafu ujumbe unakuja."

Ciku alizitazama meseji zote, kama sita. "Yeye hukuita Mum?"

"Hajawahi hata siku moja. Ananiita Mama." Alikuwa ameliona jambo hilo tangu Jumatatu. Alikuwa amejiambia kwamba ni mambo ya watu wa kazi, kwamba kijana anataka kuonekana wa kisasa. "Ciku, huyu anayeandika si mwanangu."

Ciku alirudi kwenye simu ya Khalifa. Alifungua orodha ya kurasa zilizotembelewa ndani ya kile kivinjari. Zilikuwa nne, zote za kampuni moja yenye jina refu la kupendeza. Alibonyeza ya juu. Kwa nukta moja waliona rangi ya bluu na uso wa msichana aliyevaa vipokea sauti, na jina chini yake, Linda, Afisa wa Ajira. Kisha ukurasa ukawa mweupe. Yakatokea maneno kwamba ukurasa huo haupo. Ciku alirudi kwenye orodha. Zilikuwa zimebaki tatu.

"Umefanya nini?"

"Imeenda kuutafuta mtandaoni." Uso wa Ciku ulikuwa umebadilika. "Wameshaubomoa. Haikuupata huko, ikaifuta na ile nakala ya hapa. Mungu wangu, ningefungua zote nne."

Alizima data haraka, akawasha hali ya ndegeni, akazima na bluetooth kwa hofu tu. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya ile app, na hapo akaona kitu kingine. Palikuwa pameandikwa kwamba faili za muda zitafutwa zenyewe baada ya siku tatu. Khalifa alikuwa amefungua kurasa hizo mara ya mwisho Jumapili saa tano asubuhi. Saa ya ukutani kwa Ciku ilionyesha saa tatu na dakika arobaini.

"Kwa hivyo saa tano zingejifuta," Mwanakombo alisema. Alikuwa ameelewa bila kuelezwa.

"Saa tano ya leo." Ciku alibadilisha ile siku tatu ikawa daima. Alikosea mara moja, akarudia. Kisha akatoa simu yake mwenyewe, akaweka ya Khalifa juu ya kitambaa cheupe, akaanza kuipiga picha kioo, ukurasa baada ya ukurasa. Alipiga kurasa zote kumi na tisa za mkataba kabla ya kugusa zile kurasa tatu. Alipozifikia alizifungua kama mtu anayefungua jeraha.

Wa kwanza ulikuwa fomu tupu. Wa pili ulikuwa maswali na majibu, na swali moja lilisema: Je, niwaambie jamaa zangu mahali pa kituo? Jibu lilisema hapana, kwa sababu za ushindani wa kibiashara. Waambie unakwenda Nairobi. Chini yake palikuwa na agizo la kununua laini mpya na kufuta mawasiliano yote kutoka kwa simu ya zamani.

Wa tatu ulikuwa na kichwa, Kituo cha Maandalizi, Kaunti ya Meru. Hakukuwa na anwani. Kulikuwa na picha ya vijana sita wakicheka mbele ya geti la kijivu, na maneno: Siku za kuondoka. Kundi la kwanza, Jumatatu. Kundi la pili, Jumatano, saa kumi jioni.

"Jumatano ni leo," Ciku alisema kwa sauti ndogo.

Mwanakombo alimpigia Kasim, ndugu yake. Kasim ndiye aliyekuwa akimletea mbuzi na ng'ombe wa bucha kwa pikapu, akiwanunua minadani kuanzia Mbeere hadi Buuri. Alifika baada ya dakika chache, viatu vikiwa na mavi ya ng'ombe. Aliitazama ile picha, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Unaona hii mbao nyuma ya geti, imeinama hivi? Hiyo ni ya kupandishia ng'ombe kwenye lori. Na hilo tangi la kijani juu ya mnara." Alimrudishia Ciku simu. "Hapa ni Ruiri. Nyuma ya soko la mifugo. Nimepakia ng'ombe pale mara ngapi, mimi."

Mwanakombo na Kasim walipitia kituo cha polisi Embu. Afisa wa zamu aliandika taarifa katika OB, kitabu cha matukio, akasoma karatasi ambazo Ciku alikuwa amezichapisha kwenye saiba, duka la kompyuta la jirani, akauliza maswali yaliyoonekana kwa Mwanakombo kuwa marefu mno. Mwishowe alipiga simu Meru. Aliwapa namba ya Inspekta Gatakaa wa kule, akasema kwamba inspekta huyo angekusanya watu wake na kwenda Ruiri, na kwamba wao wasiende mbele ya polisi. Kasim aliitikia ndiyo afande. Walipotoka nje aliwasha pikapu, na hakuna aliyetaja tena agizo hilo.

Mwanakombo aliishika simu ya Khalifa mikononi njia nzima. Hakuitazama. Aliogopa kuigusa kioo, aliogopa ukurasa ule usije ukawa mweupe. Walipita Runyenjes, ambako pikipiki zilikuwa zikishusha magunia ya kahawa kando ya barabara, wakapita Chuka na Nkubu. Aliona watu wakinunua ndizi, wakicheka, mtoto akivutwa mkono na bibi yake, na ilimwuma kwamba siku ilikuwa ya kawaida kwa kila mtu.

"Labda tumekosea," Kasim alisema walipopita mji wa Meru. "Labda yuko Nairobi kweli."

"Kama tumekosea nitaomba msamaha kwa kila mtu. Endesha."

Walifika Ruiri saa tisa kasorobo. Haikuwa siku ya mnada, kwa hiyo uwanja wa mifugo ulikuwa mtupu, vumbi likizunguka peke yake. Geti la kijivu lilikuwa pale pale, na ule mnara wa tangi, na mbao iliyoinama. Kasim alipunguza mwendo lakini hakusimama. Nyuma ya geti waliona kichwa cha gari jeupe la abiria, vioo vyake vikiwa na giza.

Kasim alimpigia Inspekta Gatakaa. Sauti ya mwanamke ilijibu, tulivu, ikasema wako njiani, nusu saa, na mtu mmoja awangoje penye lami awaonyeshe njia. "Na huyo mama asisogee getini," sauti iliongeza.

Kasim alimshusha mbele ya duka la chakula cha mifugo lililotazamana na geti, akarudi barabarani. Mwanakombo alikaa kwenye benchi la duka. Mwenye duka alimuuliza kama ni mgonjwa, akampa maji kwenye kikombe cha plastiki. Alikunywa macho yakiwa getini. Aliifunga simu ya Khalifa ndani ya leso, akaitia kifuani, chini ya buibui.

Saa tisa na robo injini ya lile gari iliwaka.

Ilikuwa mapema. Alitazama barabara ya lami. Hakukuwa na gari lolote lililokuja. Alimpigia Kasim, ikaita bila kupokelewa. Lango lilianza kufunguliwa upande mmoja. Mwanakombo alisimama. Baadaye aliwaambia watu kwamba hakukumbuka kuvuka njia. Alikumbuka tu kwamba aliona mlango wa geti karibu na uso wake, na kutu yake, na mwanamume mwenye shati safi la mistari akimzuia kwa mkono.

"Mama, unatafuta nani?"

"Mwanangu. Khalifa. Nimemletea dawa yake ya pumu."

"Hakuna Khalifa hapa. Hii ni stoo ya mahindi."

"Ana pumu, akikosa dawa anazidiwa."

Mwanamume yule, ambaye jina lake lilijulikana baadaye kuwa Kaberia, hakukasirika. Alimtazama kwa makini, kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomtia Mwanakombo baridi mgongoni.

"Nani alikuambia uje hapa?"

Alifikiria simu iliyokuwa kifuani mwake. Kama angeitaja, wangeinyang'anya. Akasema neno la kwanza lililomjia.

"Ni yeye mwenyewe. Aliniambia."

Kaberia aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitaka. Alimwambia angoje, akaingia ndani, akavuta geti nyuma yake. Injini ilikuwa bado inanguruma. Kisha, juu ya ngurumo hiyo, Mwanakombo alisikia kitu kama kofi, na sauti ya mtu aliyejaribu kuzuia kilio asiweze. Akalisikia la pili.

Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Simu zao walikuwa wamewanyang'anya wote, na yeye alikuwa amesema kwamba mmoja wao amepiga. Aliupiga mlango kwa viganja vyote viwili, akasema amedanganya, hakuna aliyemwambia, ni yeye tu. Hakuna aliyemjibu. Geti lilifunguka tena, pande zote mbili safari hii, na pua ya lile gari ikatokea.

Mwanakombo aliketi chini. Hakulala wala hakupiga kelele. Aliketi tu katikati ya geti, miguu ameinyoosha mbele, kama mtu aliyechoka. Gari lilisimama mbele ya nyayo zake. Dereva alipiga honi. Joto la injini lilimpiga usoni, na aliona wadudu waliokufa kwenye wavu wa mbele. Alitetemeka mwili mzima, hata meno, na alijua kwamba akijaribu kusimama hataweza, na kwa hilo alishukuru.

Kaberia aliinama karibu na sikio lake. "Utaumia, mama. Hapa si Embu."

Mwanakombo hakuwa amemwambia popote kwamba ametoka Embu.

"Niumize basi," alisema. Sauti ilitoka nyembamba sana.

Mwenye duka la chakula cha mifugo alikuwa ametoka nje, amesimama na kikombe chake cha plastiki. Mwanamke aliyekuwa akipitisha punda mwenye mitungi ya maji alisimama naye. Kisha watu wawili wa pikipiki. Walitazama tu, na Kaberia aliwatazama, akanyooka, akaangalia saa yake. Dereva alimuuliza kitu kwa Kimeru. Kaberia alimjibu kwa neno moja, akatembea upande wa nyuma ya ua bila haraka. Alipofika kwenye kona alianza kukimbia.

Polisi walifika baada ya dakika ambazo Mwanakombo hakuweza kuzihesabu. Inspekta Gatakaa alikuwa mfupi, amevaa sweta la raia, na jambo la kwanza alilofanya ni kumnyanyua kwa kumshika makwapa. "Nilisema usisogee getini," alisema, akampitisha kwa Kasim, akaingia. Kaberia walimkuta amekwama juu ya ukuta wa nyuma, suruali imeshikwa na seng'enge.

Ndani ya gari na kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha kulikuwa na vijana kumi na mmoja, wasichana wanne na wavulana saba. Khalifa alikuwa kiti cha nyuma. Mdomo wake wa chini ulikuwa umepasuka na shavu moja limevimba. Mama yake alimkimbilia, naye akageuza uso.

"Mama, umeniharibia," alisema. "Miaka miwili nimetafuta. Kesho ningekuwa Moyale mpakani, keshokutwa kwenye ndege."

"Wamekupiga."

"Wamenipiga kwa sababu ya maneno yako. Sikupiga simu. Sijamwambia mtu yeyote."

Ilikuwa kweli. Alitoa leso kifuani, akaifungua, akampa ile simu. Hakuwasha data. Alifungua orodha ya faili jinsi alivyomwona Ciku akifanya, akamwonyesha ule mkataba. "Soma. Ukimaliza, kama bado unataka kwenda, nitakupeleka Moyale mimi."

Khalifa alisoma amesimama uani, mgongo ukiegemea lile gari. Wenzake wawili walisogea wakasoma juu ya bega lake. Mwanakombo alimtazama akipitia kurasa kama alivyomtazama zamani akiugua homa, akingoja. Ukurasa wa nne mkono wake ulishuka. Aliketi kwenye ngazi ya gari. Msichana aliyekuwa nyuma yake alianza kulia kimyakimya, akiuma ukosi wa sweta lake.

"Nilibonyeza tu pale kwa sahihi," Khalifa alisema. "Linda alisema ni kawaida tu. Alisema wengine wanangoja nafasi yangu." Kisha akainua kichwa. "Mama, Munyi ameenda. Aliondoka na wale wa Jumatatu. Mimi ndiye nilimpa ile link."

Munyi alikuwa kijana wa Runyenjes, rafiki yake tangu chuo. Inspekta Gatakaa alisikia jina hilo, akatoa kijitabu chake.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa mwendo wa serikali. Simu ya Khalifa ilichukuliwa iwe ushahidi, ikatiwa kwenye bahasha ikiwa bado katika hali ya ndegeni, na Ciku aliitwa Meru kueleza mbele ya hakimu jinsi alivyozikuta zile kurasa na kwa nini moja haikuwepo. Alieleza vizuri, lakini alipofika kwenye ule ukurasa uliopotea alisita. Wakili wa Kaberia alimuuliza kama hakuwa ameutengeneza mwenyewe. Ciku alisema hapana. Alisema angetoa kidole chake kimoja kuupata, kwa sababu ulikuwa na uso wa Linda. Linda hakupatikana. Polisi walisema huenda hakuwa mtu mmoja, au hakuwa mwanamke.

Kundi la kwanza lilikuwa la vijana wanne. Wawili walizuiwa upande wa pili wa mpaka na kurudishwa. Wa tatu alimpigia dada yake baada ya mwezi, kutoka nchi ambayo hakuweza kuitaja, akasema ataongea kwa nukta kumi tu, na zikaisha.

Kwa Munyi hakukuja chochote. Mama yake, Rwamba, alikuja buchani siku moja mchana, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyochunwa na kahawa, akauliza kama hapa ndipo kwa Khalifa. Mwanakombo alijua ni nani kabla hajataja jina. Alimpa kiti. Akamletea chai. Khalifa alitoka nyuma, akasimama mbele ya Rwamba, mikono imening'inia.

"Sikuja kukulaumu," Rwamba alisema. "Nimekuja unieleze kila kitu mlichoambiwa, tangu siku ya kwanza. Usiruke hata kitu kimoja."

Khalifa alieleza kwa saa mbili, kwa Kiembu, ambacho mama yake alikifahamu nusunusu. Aliyoyaelewa yalimtosha.

Tangu hapo Khalifa huenda Runyenjes kila Jumamosi kumsaidia Rwamba shambani. Huondoka asubuhi na kurudi jua likishuka. Mwanakombo hamzuii. Lakini ikifika alasiri huacha kisu, hunawa mikono, hutoka kusimama mlangoni pa bucha. Wateja humsalimia, naye huwaitikia bila kuwaangalia. Siku Khalifa akiwa hapatikani kwa simu, hata kwa dakika tano, Kasim huja kumtoa mlangoni kwa kumshika mkono, amwingize ndani aketi.